Mtani Alipolala Ndani ya Msingi

Pale tunapopaita Jangwa si jangwa la kweli. Jangwa la kweli mimi sijaliona, nimelisikia tu kanisani. Letu ni mchanga uliolala katikati ya barabara ya magari na pori la rezerve, mweupe kabisa, na saa sita ya mchana unachoma nyayo hata ukivaa sapato za plastiki. Ukitoka Kalemie mjini kwa moto, yaani pikipiki, unapita matanuri ya matofali, unapita soko dogo la kando ya barabara, halafu miti inakwisha kama mtu aliyekatizwa katikati ya maneno. Mbele unaona mchanga. Mbali kidogo, nyuma ya mchanga, miti inaanza tena, mirefu na mizito. Hiyo sasa ni rezerve, pori la wanyama la serikali, na huko hauingii.

Mimi nilipaona pale kungali giza la majani. Tulikuwa tunaokota uyoga pale, ule mkubwa wa mvua za kwanza, ambao mmoja tu unajaza sahani. Mama yangu alikuwa anaukausha juu ya paa, na sisi watoto tulikuwa tunapanda kuuiba, na alijua, maana tulikuwa tunashuka na vumbi la nyasi tumboni. Sijui kwa nini nimeanza na uyoga. Nilitaka kusema habari ya nyumba ya masomo. Lakini nikifikiri pale, kitu cha kwanza kinachokuja ni harufu ya uyoga ule ukikauka, basi nimeuandika, tuendelee.

Mchanga ulikuja hivi. Wakati wa vita watu walikimbia kutoka upande wa Nyunzu na Manono, wakaja kukaa pale chini ya mabashi, yale maturubai. Walikuwa wengi sana. Wakakata miti ya kupikia, halafu wakakata miti ya makala, yaani mkaa, ya kuuza mjini ili wapate unga, halafu wakang'oa na mashina. Sikuwalaumu na leo siwalaumu. Mama anayetaka kuchemsha maji ya mtoto hatauliza mti una miaka mingapi. Na sisi wenyeji tulikata pamoja nao, tena tulikuwa na mashoka mazuri kuliko yao. Walipoondoka, mvua ikachukua udongo mweusi ikaupeleka mtoni, mto ukaupeleka mbali, tukabaki na mchanga. Sasa upepo wa kiangazi ukivuma, mchanga unaingia mpaka ndani ya ugali.

Nyuma ya mchanga, ndani ya rezerve, kulikuwa kijiji chetu. Njo kule nilizaliwa, ndiko kwetu. Kilikuwa kijiji cha michikichi na kijito, nyumba zetu upande huu wa kijito, nyumba za watani wetu upande ule. Watani ni watu wa ukoo ambao mababu zenu waliwaachia ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Mtani anaweza kuingia kwako akabeba kuku, na wewe unacheka. Msiba ukitokea kwako, yeye njo anakuja kukuchekesha wakati machozi bado yanatoka, na ananyoosha mkono umpe kitu, na bila hicho kitu hakuna kazi itakayoendelea. Sisi na wao tulitukanana kila asubuhi kwenye maji, na tulioana pia, maana mtu uliyemtukana vizuri unamjua vizuri.

Wakati nilipokuwa na watoto wawili, walikuja watu wa serikali wakasema wanyama wanapahitaji pale, sisi tusogee barabarani. Tulisogea. Kila nyumba ilibeba milango yake, maana mbao zilikuwa ghali. Ukiwa barabarani ungeona milango inatembea yenyewe, na miguu ya watu chini yake. Tulicheka siku ile. Watu wakihama wanacheka sana, sijui kama umewahi kuona.

Kwa miaka mingi walinzi walituacha tuingie kidogo, wakati wa kumbikumbi, au mtu akitaka kusafisha makaburi ya wazee wake. Baada ya vita wakaweka mti mrefu wa kufunga njia, wakasema basi, hakuna kuingia tena, wanyama wamekwisha na waliobaki wanaogopa. Tangu hapo sikufika. Nilikuwa napakia magunia bandarini, nikazeeka, nikaacha, goti langu la kushoto likaanza kuongea kila mvua. Na neno moja lilikaa ndani yangu: nifike kule tena mara moja kabla ya goti kukataa kabisa. Sikuwa na shida ya kuchukua kitu. Nilitaka kusimama tu pale palipokuwa nyumba ya mama.

Basi ndiyo maana waliposema wanataka kujenga nyumba ya masomo, mimi nilivaa shati la Jumapili siku isiyo ya Jumapili.

Alikuja mama mmoja kijana kutoka Lubumbashi, wa kazi ya kuchora majumba. Sisi tulimwita Madamu tu. Alitukusanya ndani ya hanga, banda la kanisa. Akasema kuna msaada wa kujenga nyumba ambamo wanafunzi wa masomo yote ya Kalemie, shule zote, watakuja kujifunza namna udongo unavyokufa ukageuka jangwa, na namna miti inavyorudi. Wataona mchanga kwa mkono mmoja na pori kwa mkono mwingine. Lakini, akasema, hatajenga kitu ambacho wenye mahali hawakukipanga wenyewe. Tuseme sisi: iwe wapi, iwe namna gani.

Kulikuwa na mahali pawili. Pa kwanza ni pale mchangani, karibu na mti wa kufunga njia. Mkubwa wa walinzi alikuwa amekubali kwamba nyumba ikiwa pale, atafungua njia ndogo, wanafunzi waingie na mlinzi, na wazee wa zamani waingie pamoja nao kuwaonyesha. Pa pili ni kando ya barabara, karibu na soko. Nyumba ikiwa pale, njia ya porini haifunguliwi, maana ni mbali na walinzi hawataki watoto kutembea mchangani peke yao. Papa mmoja, baba mwenye depo ya kuuza sima, yaani saruji, na mabati, njo alipenda barabarani, na wauza soko wote pamoja naye.

"Mutu gani atapeleka watoto kwenye moto ule?" papa wa depo akauliza. "Barabarani kuna maji, kuna mikate, kuna duka."

"Duka lako," mama mmoja akasema.

"Ndiyo, langu. Unataka niseme la nani?"

Watu walicheka. Alikuwa mtu wa kweli, yule papa, hakujificha. Na mimi nami sikujificha. Nilisimama nikasema nataka mchangani kwa sababu nataka kuingia kule nilikozaliwa. Mtani wangu, aliyekuwa ameketi mbele, akageuka.

Yule mtani nimemjua tangu tukiwa uchi kwenye kijito. Alikuwa muuza ndakala pale sokoni, mama mfupi mwenye sauti ya kuita mtumbwi. Mume wake alikufa zamani, mke wangu naye, na kila siku nikipita mezani pake ananiuliza kama nimekuja kununua samaki au kujilinganisha nao.

"Musimusikilize," akawaambia watu. "Huyu mama yake alimufukuza mule kijijini sababu ya uvivu. Anataka kurudi kuomba musamaha."

"Na ninyi mulihamishwa sababu ya kuiba kuku zetu," nikasema. "Serikali ilisingizia tu wanyama."

Madamu alituangalia mmoja mmoja, akaandika kitu. Ningejua siku ile kwamba hakuwa akielewa utani wetu, ningeokoa mambo mengi. Lakini nani anakaa kueleza utani? Ni kama kueleza kupiga chafya.

Halafu ikaja habari ya karatasi. Madamu alitandika karatasi kubwa juu ya meza, nyumba imechorwa kwa kutazamwa kutoka juu, kama anavyoiona kunguru. Tulizunguka. Tulitikisa vichwa. Mimi niliishia darasa la pili, minerval, pesa ya masomo, ilikatika, lakini hata waliosoma kunizidi walikuwa wanatikisa vichwa tu kwa adabu. Mama mmoja akauliza mlango uko wapi. Madamu akaonyesha kimstari. Yule mama akasema, "Haya," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa ng'ombe yuko ndani ya yai.

Mtani wangu njo alisema tuende mchangani tuijenge kwa majivu. Kwetu ukitaka kujenga unafunga kamba kwenye vijiti, unamwaga majivu kufuata kamba, halafu mwenye nyumba anaingia ndani ya mstari na mkeka wake anakaa, anaona kama moyo wake unatulia. Akisikia vibaya, unafuta, unaanza tena. Madamu alifurahi sana. Aliviringisha karatasi yake, akavua viatu, tukaenda.

Hiyo ilikuwa siku nzuri. Nikiikumbuka bado nafurahi. Akina mama walileta majivu kwa mabeseni, vijana wakavuta kamba, Madamu anapima kwa mkanda wake wa chuma na kupiga kelele za namba. Nyumba ikatokea chini, nyeupe-kijivu juu ya nyeupe: chumba kikubwa cha wanafunzi, chumba cha miche, mahali pa kupika, mahali pa mlinzi. Watu wakaanza kuleta viti. Akina mama wakaingia jikoni wakaweka masufuria, wakasema jiko hili upepo utatupiga moshi usoni, ligeuze. Likageuzwa. Mzee akifika mlangoni anasema "Hodi," na walio ndani wanamjibu "Karibu," na hakuna ukuta, hakuna paa, jua tu. Shefu wetu wa mtaa akapita moja kwa moja kutoka chumba cha miche mpaka kwa wanafunzi, wote wakamwambia amepasua ukuta, arudi azunguke. Akarudi. Mtu mzima, na kofia yake, akazunguka kutafuta mlango wa majivu.

Nilikaa mahali pa wanafunzi nikatazama porini. Kutoka pale miti ilikuwa karibu sana. Nilihesabu watu kwa macho nikaona wengi wameanza kupapenda mchangani, hata wauza soko wawili watatu. Nikasema moyoni, nimefika.

Basi Madamu akaomba tuchimbe kidogo. Alitaka kujua chini ya mchanga kuna nini, nyumba itasimama juu ya nini. Akachora mahali kwenye mstari wa ukuta, vijana wakachimba mtaro mrefu kiasi cha mtu, wakashuka mpaka kiunoni. Sikuona chochote. Niliona mtaro. Lakini mtani wangu aliona kingine. Alikuja polepole na kikwembe chake, kitenge cha kiunoni, akaangalia ndani, akakaa ukingoni, akateremka, akalala chali. Akafunga macho. Akakunja mikono kifuani.

Watu wa kwetu wote waliangua kicheko. Sisi tunajua. Kwenye msiba mtani anaingia ndani ya kaburi kabla ya maiti, analala, anasema hatoki mpaka apewe kitu. Sasa alikuwa amelala ndani ya msingi wetu.

"Toka mule," nikamwambia. "Utachafua nyumba ya serikali."

"Munachimba kwenye ardhi yangu, hamujanilipa," akasema, macho yamefungwa. "Nataka kuku. Tena jike, mwenye mayai. Majogoo yenu muendelee kula wenyewe."

"Nitakupa kichwa cha ndakala."

"Kaa nacho, kinafanana na weye. Nimekufa miye. Funikeni."

Ilikuwa juu yangu kutoa, maana kwa ukoo wetu nilikuwa mkubwa pale. Na kwa desturi hautoi mara moja. Unatoa kitu cha kijinga kwanza, jani, jiwe, kiatu kimoja, yeye anakataa, watu wanacheka, unapanda kidogo kidogo. Kwa hiyo nilimtupia jani. Nikamtupia sapato yangu. Akainusa, akasema sasa njo amekufa kweli. Mama mmoja alicheka mpaka akakaa chini ndani ya jiko.

Wakati sisi tukiwa katika hayo, Madamu alikuwa amesimama pembeni na uso mwingine. Aliuliza jambo kwa mlinzi wa rezerve aliyekuwa naye, kijana wa upande wa Kabalo, na yeye hakujua desturi zetu. Walimwona mama mzee amelala ndani ya shimo anasema mumechimba kwenye ardhi yangu. Walimwona mzee anamtupia kiatu. Nikageuka, nikaona mkanda wa chuma unarudi ndani ya kisanduku chake, na motokari ya Madamu inawashwa. Nilidhani anakwenda kula. Tuliendelea na utani wetu. Nilimpa mtani kuku, akatoka, akajikung'uta, tukaenda nyumbani tumechoka kwa kucheka.

Baada ya hapo kukawa kimya. Siku zikapita, Madamu haji. Upepo ukafuta majivu. Halafu shefu akatuita akasema amepata habari: mchangani kuna mgogoro wa ardhi, mama mmoja mzee alijitupa ndani ya msingi kukataa, na wazee wanapigana kwa viatu. Nyumba itapelekwa barabarani, au itahamia mahali pengine kabisa, upande wa Moba, ambako watu wanaelewana.

Sikucheka. Shefu naye alicheka kidogo akaacha.

Papa wa depo alikuja kwangu jioni, na ninamshukuru, hakuja kwa furaha. "Papa, miye nilitaka barabarani," akasema, "lakini si namna hii. Kama inakwenda Moba tunakosa wote."

Nilikwenda kwa mtani. Alikuwa anageuza samaki juani, akifukuza inzi kwa kikwembe.

"Umeua nyumba," nikamwambia.

"Weye ulitoa kiatu saa nzima. Ungetoa kuku mbio, yule Madamu angeona mwisho."

Hapo alikuwa na haki, lakini sikumwambia. Nikamwuliza kwa nini alilala. Utani tunaufanyia mtu aliyekufa. Msingi wa nyumba hatuufanyii, sijawahi kuona. Aligeuza samaki ambao alikuwa amekwisha kuwageuza.

"Kijiji chetu hakikuliliwa," akasema. "Muntu akikufa, hata mulevi, tunamufanyia yake, tunalala kaburini, tunakula kuku ya wenyewe. Kijiji kilipokufa tulifanya nini? Tulibeba milango. Niliangalia mule ndani ya shimo, chini ya mchanga nikaona udongo mweusi kidogo, ule wetu wa zamani. Nikasema, haya, hapa njo nikililie."

Nilikaa kwenye kigunia chake cha chumvi. Tulikaa sana bila kutukanana, mpaka mteja mmoja akauliza kama tuko wagonjwa.

Asubuhi tulikwenda biro, ofisi ya Madamu, mjini. Tulipanda moto moja wote wawili, na dereva watatu, yeye nyuma kabisa amenishika mabega na kumwambia dereva apite taratibu maana amebeba maiti mbili. Biro ilikuwa karibu na ziwa, upande ule ambao maji yalipanda yakala maduka. Zamani pale kulikuwa na mama mmoja akikaanga mandazi makubwa, tulikuwa tunatoka bandarini tunakula tukiwa na jasho. Sasa kuna maji tu, na nguzo ya taa imesimama ndani yake peke yake. Nilitaka kumwonyesha mtani nguzo ile lakini alikuwa amekwisha kuingia.

Madamu alitupa viti. Alikuwa mpole na mwenye wasiwasi. Alimwuliza mtani kama ardhi ile ni yake.

"Hata kidogo," mtani akasema. "Ni ya hawa wezi."

Madamu akanitazama. Nikaona tunaanza tena. Nikaomba mtani anyamaze, na mimi niseme kama anavyosemeshwa mtoto, kitu kimoja kimoja. Nikaeleza mtani ni nani. Nikaeleza kaburi, na kuku, na kwa nini kiatu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupakia magunia. Utani ukiueleza unaoza mkononi. Nilijisikia kama mtu anayepasua ngoma kuonyesha sauti inakaa wapi.

Madamu alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. "Kwa hiyo hakukataa?" akauliza.

"Angekataa asingelala," nikasema. "Angekaa nyumbani kwake. Mutani halali kwenye msiba asioujua."

"Nilifikiri mtaumizana," akasema. "Nilikuwa na haya kwamba nimewagombanisha. Niliandika vile ili nisiwaletee vita."

Mtani wangu, ambaye sijamwona akiwa mpole kwa mtu tangu mume wake afe, akasema, "Bibi, miye na huyu tungekuwa na vita, tungekuwa tumemaliza zamani. Ni mufupi wa pumzi." Hapo ndipo Madamu alicheka, tena alicheka vibaya, kwa pua, akaficha uso kwa karatasi.

Alirudi. Alituita tena mchangani. Alisema ameandika upya, na sasa tuchague kwa miguu: wanaotaka barabarani wasimame upande wa barabara, wanaotaka mchangani wasimame upande wa pori. Kabla hatujasogea, akasema na lake. Mtaro ule ulimwonyesha kwamba mahali pale tulipomwaga majivu ni njia ya maji ya zamani, na mvua kubwa ikija nyumba itakwenda mtoni. Kama ni mchangani, ipande juu kidogo, karibu zaidi na miti. Mimi nilikuwa nimependa mahali pale, nilikuwa nimekaa pale na kiti changu. Lakini nilikumbuka udongo mweusi ulivyokwenda, nikakubali.

Watu wakasogea. Nilimtazama papa wa depo. Alisimama kwanza barabarani, peke yake na wauza mikate. Halafu akauliza kama watoto watapita sokoni kwake wakienda na wakirudi. Madamu akasema hakuna njia nyingine. Akavuka, mikono nyuma, kama mtu anayetembea tu. Wauza mikate wakamfuata.

Leo nyumba haijasimama bado. Matofali yamechomwa, mabati yako kwenye depo, kazi ya msingi inakwenda na kusimama kama kazi zote za kwetu. Lakini mkubwa wa walinzi hakungoja paa. Alisema Madamu anahitaji kujua atawaonyesha nini wanafunzi kule ndani, basi wazee wawili waingie na mlinzi, waonyeshe kijiji kilikuwa wapi.

Tukaingia, mimi na mtani, na Madamu, na yule kijana mlinzi wa Kabalo. Njia haikuwapo. Mlinzi alikata kidogo kidogo na panga. Nilikuwa nimefikiri nitapajua mara moja, macho yangu yatakimbia mbele yangu. Hayakukimbia. Miti ilikuwa mikubwa mahali nilipoacha bustani. Kijito kilikuwa kimehama, au sisi tulikuwa tumehama, hatukukubaliana. Mtani alisema hapa njo kwao, mimi nikasema hapa ni kwetu, tukatukanana kidogo, lakini bila nguvu, maana hakuna aliyekuwa na hakika. Madamu aliweka alama mbili kwenye karatasi yake.

Halafu tulifika mahali penye michikichi imepangana. Michikichi ya pori haipangani. Nilitembea kutoka mmoja kwenda mwingine, nikageuka mkono wa kushoto, nikashuka kidogo, na goti langu likajua mteremko kabla yangu. Nilikuwa nimeushuka ule na ndoo maisha yangu yote ya utoto. Nikasema ni hapa. Mtani hakunibishia. Alisema tu mama yangu alikuwa na ugomvi mkubwa na mkwe wake pale pale, akaenda kutafuta kwao upande wa pili na Madamu akamfuata.

Hapakuwa na kitu. Mawe matatu madogo ambayo yanaweza kuwa ya jiko na yanaweza kuwa mawe tu. Nilikaa chini. Kulikuwa baridi, kama zamani, na ndege wale wenye kelele.

Baadaye mtani na Madamu wakaita, jua lilikuwa linageuka, turudi. Nikamwambia mlinzi atangulie nao, mimi nitafuata nyayo zao.

"Sheria haikubali, Papa," akasema. "Siwezi kuacha muntu ndani peke yake."

"Basi ngoja kidogo."

Aliangalia njia, akaangalia mimi. Akachomeka panga kwenye udongo, akakaa karibu yangu juu ya majani, akanyoosha miguu. Halafu akaonyesha kwa kidevu ng'ambo kidogo, penye vichaka.

"Na pale," akauliza, "alikuwa anakaa nani?"